Sindano ya Pili ya Surua
Ndugu wazazi, wengi wetu mtoto akishadungwa ile sindano ya miezi 9 tunaweka kadi sandukuni, basi. Lakini surua, au ukambi, huchanjwa mara mbili: miezi 9, halafu mwaka mmoja na nusu. Kwa nini? Kinga aliyopewa mtoto na mamake tumboni yaweza kuizuia ile chanjo ya kwanza isishike. Kati ya watoto 100 waliochanjwa wakiwa na miezi 9, kama 15 hubaki bila kinga, na kwa macho huwezi kuwajua. Ndiyo maana Kenya iliongeza sindano ya pili mwaka 2013. Mafua kidogo yasiwarudishe nyumbani, muuguzi ndiye ataamua. Miezi 18 ikiwa imepita, mpelekeni tu. Hata kadi ikipotea, nendeni.