DNA Imelingana? Uliza Hesabu Imetoka Wapi

Ripoti ya DNA ikisomwa mahakamani Kenya, huja na nambari ya kutisha: uwezekano wa mtu mwingine kuwa na vinasaba kama hivi ni mmoja kati ya mabilioni. Mshtakiwa huishiwa nguvu, na wakili wake pengine akaacha kuuliza. Asiache.

Maabara husoma sehemu 20 hivi za vinasaba, hutazama kila alama hupatikana kwa wangapi katika jamii fulani, kisha huzidisha. Jamii ipi? Afrika inashinda mabara yote kwa wingi wa tofauti za vinasaba. Jedwali la Wamarekani weusi, ambao mababu wa wengi wao walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, haliwezi kusemea Turkana au Garissa bila kujaribiwa. Tusidanganyane: alama zote zikisomeka vizuri, kubadilisha jedwali kwa kawaida hakumtoi mtu hatiani. Hesabu huyumba pale sampuli imechakaa, au imechanganyika na ya watu wengine.

Kifungu cha 50(2) cha Katiba kinakupa haki ya kuona mapema ushahidi wa upande wa mashtaka na kuupinga. Kwa hiyo omba ripoti nzima, wala si ukurasa wa hitimisho peke yake: sehemu zilizosomwa, jedwali lililotumika, hali ya sampuli. Huna wakili? Mweleze hakimu kwa mdomo, kabla mashahidi hawajaanza, na hakikisha ombi lako limeandikwa.

Kuhusu kuchukuliwa mate au damu, kifungu cha 122A cha Kanuni ya Adhabu kinataka amri ya maandishi ya afisa wa cheo cha inspekta au zaidi, na sababu za msingi za kuamini kuwa kipimo kinaweza kutoa ushahidi wa kuthibitisha au kukanusha kwamba ulitenda kosa hilo. Omba kuiona amri hiyo. Katika kesi za ngono, mahakama nayo inaweza kuamuru kipimo. Lakini serikali haiwezi kukusanya DNA ya kila raia kwa ajili ya usajili tu. Mahakama Kuu ilikataa hilo Januari 2020 katika kesi ya Huduma Namba.

Swali moja husahaulika sana. Ile hesabu ya mabilioni ni ya watu baki. Ikiwa una kaka wa baba na mama mmoja ambaye angeweza kuwa eneo la tukio, mtaalamu aulizwe hesabu ya ndugu, maana hiyo hushuka mno.