Misaada ya watoto: Tuhoji hesabu, kisha tuhoji natija

Ni nadra ipite Ijumaa msikitini bila mtu kusimama baada ya swala akiwa na bahasha mkononi. Wiki hii ni kituo cha yatima, wiki ijayo ni madrasa, wiki nyingine ni mtoto anayehitaji karo. Tunatajiwa idadi ya watoto, tunaoneshwa picha, nasi tunatoa. Hilo ni jambo la kheri. Lakini ni wangapi kati yetu tuliorudi baada ya mwaka mmoja tukauliza ile fedha ilifanya nini? Anayethubutu kuuliza huambiwa ana hasadi, au anataka kuvunja kazi ya Mwenyezi Mungu.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mashirika makubwa ya kimataifa ya kusaidia watoto nayo yamechangiwa kwa miaka mingi na watu waliotosheka na picha ya mtoto anayetabasamu. Tuone basi namna mashirika hayo yanavyopimwa, kisha tujitazame wenyewe.

Kuhoji si hasadi

Katika Hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kwenda kukusanya zaka. Aliporudi alizigawa alizokuja nazo mafungu mawili, akisema hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume hakumwachia kwa kuwa ni sahaba. Alimfanyia hesabu, kisha akapanda mimbari na kulikemea jambo hilo mbele ya watu. Ama mali ya yatima, Suratun-Nisaa aya ya 10 imeonya kwamba anayeila kwa dhulma anajaza moto tumboni mwake. Kwa hiyo anayedai hesabu ya mali ya watoto anafuata Sunna, na anayestahili kujieleza ni yule anayekasirika akiulizwa.

Swali la kwanza: Fedha imekwenda wapi?

Shirika linaloaminika hutoa kila mwaka ripoti ya fedha iliyopitiwa na mkaguzi kutoka nje. Uingereza ina Tume ya mashirika ya hisani, ambayo mtu yeyote anaweza kusoma hesabu zilizowasilishwa kwake. Marekani nako mashirika mengi hujaza fomu kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, na fomu hizo ziko wazi kwa umma. Humo utakuta matumizi yamegawanywa mafungu matatu: miradi yenyewe, uendeshaji wa ofisi, na gharama za kuchangisha.

Watu wengi hukimbilia asilimia ya ofisi. Ikiwa ndogo wanasifu, ikiwa kubwa wanalaani. Lakini tuwe waadilifu. Qur'an yenyewe, katika Suratut-Tawba aya ya 60, imewataja wanaoitumikia zaka kuwa miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki. Wanazuoni wa Kishafii, madhehebu yaliyoenea pwani yetu, wameliwekea fungu hilo mpaka wa thumni, yaani sehemu moja ya nane. Maana yake ni kwamba kazi ya kukusanya na kugawa ina gharama halali, na gharama hiyo ina kikomo. Mhasibu hulipwa. Anayekwenda vijijini kukagua kama chakula kimefika naye anahitaji nauli. Shirika lisilotumia hata senti kufuatilia linaweza kuonekana safi kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kutazama. Ndiyo maana mwaka 2013 wakuu wa taasisi tatu za Marekani zinazochunguza mashirika ya hisani waliandika barua ya wazi, wakiwaonya wachangiaji wasilipime shirika kwa asilimia ya ofisi peke yake.

Tena asilimia hiyo hupikwa. Mwaka 2011 jarida la Forbes la Marekani liliandika kuhusu dawa za minyoo ambazo mashirika hupokea kama msaada wa vitu. Kidonge ambacho katika soko la kimataifa kiliuzwa kwa kama senti mbili za dola, katika vitabu vya baadhi ya mashirika kiliandikwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 10.

Tufanye mfano wa hesabu, ndugu msomaji. Chukua shirika lenye fedha taslimu dola milioni 2, na kati ya hizo dola 600,000 zinaliwa na ofisi. Hiyo ni asilimia 30. Sasa shirika hilo lipewe vidonge milioni moja na livigawe. Likiviandika kwa senti mbili kila kimoja, thamani yake ni dola 20,000 tu, na fungu la ofisi linabaki karibu asilimia 30. Likiviandika kwa dola 10, ghafla limetumia dola milioni 12 kwa mwaka, na ofisi inaonekana kula asilimia 5 tu. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezewa kitu. Kilichobadilika ni kalamu ya mhasibu. Kwa hiyo ukisoma ripoti, tenganisha fedha taslimu na misaada ya vitu, kisha uliza nani aliyepanga bei ya vitu hivyo.

Swali la pili: Mtoto amebadilika nini?

Hata fedha ikitumika bila wizi, bado hujajua kama imemsaidia mtoto. Hapa twende Busia, magharibi mwa Kenya, ambako shirika la Kiholanzi la kusaidia watoto, kwa kifupi ICS, lilikuwa likizisaidia shule za msingi katika miaka ya 1990. Shirika hilo lilikubali kupimwa na watafiti, akiwemo Mmarekani Michael Kremer.

Njia yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Shirika halikuwa na uwezo wa kuanza na shule zote kwa pamoja, hivyo shule ziligawanywa bila upendeleo katika makundi, mengine yakitangulia na mengine yakisubiri. Zilizotangulia zikalinganishwa na zinazosubiri. Bila mlinganisho wa namna hiyo huwezi kujua kama watoto wamefaulu kwa sababu ya msaada, au kwa sababu mwaka huo mavuno yalikuwa mazuri, au shule ilipata mwalimu mkuu mpya.

Mwaka 1996 zilianza kugawiwa shule vitabu vya kiada. Nani angepinga vitabu? Lakini wastani wa alama za mitihani haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa pale ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Hesabu za fedha zingeonesha kwamba vitabu vilinunuliwa na vikafika, na ingekuwa kweli. Ila wengi wa watoto hawakuweza kuvisoma.

Kisha mwaka 1998 ikaanza kazi ya dawa za minyoo katika shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Kremer na mwenzake Edward Miguel walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa kama robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Gharama yake, kwa makadirio waliyoyachukua kutoka mpango mkubwa wa Tanzania, ilikuwa chini ya nusu dola kwa mtoto kwa mwaka. Dawa ya aina ile ile iliyotumika kupamba vitabu vya hesabu kule Marekani, hapa ilimrudisha mtoto darasani.

Insafu inatutaka tuseme pia kwamba mwaka 2015 watafiti wa London walizirudia hesabu hizo, wakakuta makosa, na mjadala mkali ukazuka kuhusu ukubwa wa faida ya dawa za minyoo na kama inapatikana kila mahali. Na hilo nalo ni somo. Waliopimwa waliziweka wazi takwimu zao ili wengine wawasahihishe. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuendeleza njia hii ya kupima misaada.

Tujitazame

Shirika lile lilikuwa la Kikristo, na msomaji huenda akauliza kwa nini nimelileta hapa. Nimelileta kwa sababu lilikubali kuambiwa kwamba vitabu lilivyovitoa havikuleta kilichotarajiwa. Je, taasisi zetu ngapi zinazolea watoto zimewahi kuwaambia waumini kwamba jambo fulani tulilifanya, halikufaa, sasa tunabadilisha?

Si lazima tusubiri watafiti kutoka ng'ambo. Kamati ya msikiti au kituo inaweza kubandika ubaoni kila robo mwaka kilichoingia na kilichotoka, hesabu ikiwa imepitiwa na mtu asiye mwanakamati. Mchele na nguo viandikwe kwa bei ya sokoni. Mtoto anapopokelewa iandikwe anasoma kiasi gani, uzito wake, na siku anazokosa shule, kisha baada ya mwaka yaandikwe tena. Nasi tunaotoa tuwe tayari kumlipa mtu wa kuifanya kazi hiyo, badala ya kudai kila shilingi iende kwenye sahani halafu tushangae daftari halipo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ikipotea, huenda tukachanga nyingine. Ama miaka ya mtoto aliyekaa kituoni pasipo mtu kujua kama anasoma au hasomi, hiyo hairudi, na Siku ya Kiyama ataulizwa aliyepokea, na ataulizwa pia aliyetoa akageuza uso.

Wabillahi tawfiq.