Mgeni Asiyepewa Jembe

Wiki chache zilizopita nilikuwa katika darasa la kisomo, kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Somo lilikuwa kupima nafasi za kupanda alizeti. Mama mmoja akanyoosha mkono, akauliza jambo lisilohusu alizeti hata kidogo.

"Mwalimu," alisema, "kuna Mzungu amekuja na dalali. Anataka ekari tatu kule chini ya mlima, ajenge nyumba ya kupumzikia. Dalali anasema ana kibali cha Serikali cha kukaa miaka miwili. Je, mtu mwenye kibali tunaweza kumkatalia?"

Baba mmoja alijibu kabla yangu: "Karatasi ya Serikali haikataliwi." Mwingine akasema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anataka shamba, apewe shamba!" Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Ekari hizo tatu ni shamba alilolima na marehemu mumewe miaka mingi, na shemeji yake alikwisha kuzungumza na dalali.

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilisema nitauliza. Basi, ndugu msomaji, somo hili ndilo jibu langu. Nimelirefusha kidogo kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa kuliko ekari tatu.

Siku hizi nchi nyingi duniani zinawaita wageni wenye fedha waje kukaa. Sisemi watalii wa wiki mbili. Hawa hukaa mwaka mmoja, mitano, hata kumi. Wengine ni wazee waliostaafu huko Ulaya na Marekani. Wana pensheni nzuri, wanataka jua na maisha ya bei nafuu. Wengine ni vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta: mwajiri yupo London, mfanyakazi amekaa ufukweni. Wengine ni matajiri wanaonunua nyumba. Nchi huwapa viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi.

Tutofautishe maneno hayo mawili. Viza ni ruhusa ya kuingia nchini. Kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kuishi nchini. Viza ya kawaida ya mtalii hapa kwetu haizidi siku 90. Anayetaka kuishi zaidi ya hapo hana budi kuomba kibali Uhamiaji.

Wazee wetu wa Ugogo walilijua jambo hili kabla Uhamiaji haijakuwapo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Ilipita Ugogo, na Ugogo, kama mjuavyo, maji ni ya shida. Watemi wakatoza hongo. Leo neno hongo lina sura mbaya, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia. Mwenye msafara alitoa nguo, shanga na waya, akapata njia na maji. Waingereza Burton na Speke walilipa mwaka 1857. Stanley alilipa mwaka 1871, na alinung'unika sana. Mgeni tajiri hakuzuiwa. Aliulizwa ana nini, akatajiwa kiasi. Lakini angalia vizuri: alinunua njia na maji. Nchi hakuinunua.

Sasa twende kwa jirani zetu wa Kenya, maana mfano wao ni wa wazi. Kenya ina kibali kiitwacho Daraja K. Hupewa mgeni aliyetimiza miaka 35, mwenye mapato ya hakika ya dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, kama vile pensheni au kodi za nyumba zake. Tupige hesabu. 24,000 gawanya kwa miezi 12, unapata dola 2,000 kwa mwezi. Kwa kurahisisha, tuseme dola moja ni shilingi 2,500 za kwetu. Hiyo ni shilingi 5,000,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Gawanya mwenyewe kwa bei ya gunia la mtama katika mnada wa kwenu.

Na hapa ndipo methali yetu inapinduliwa. Sisi tunasema siku ya tatu mpe jembe. Daraja K linasema mgeni huyu asilishike jembe kabisa! Haruhusiwi kufanya kazi ya kuajiriwa. Akishika jembe, amechukua kazi ya mwananchi. Anachotakiwa ni kutumia hapa fedha alizozipata kwingine. Apange nyumba, anunue samaki na nyanya, aajiri mpishi na mlinzi. Mauritius walifanya hesabu hiyohiyo mwaka 2020, wakati wa korona, watalii walipokoma. Wakaanzisha viza ya mwaka mmoja kwa mgeni mwenye mapato ya dola 1,500 kwa mwezi. Falme za Kiarabu zilianza viza yao ya dhahabu mwaka 2019, na Oman ikaanza vibali vya miaka mitano na kumi kwa wawekezaji mwaka 2021. Kenya nayo iliongeza kibali cha wale vijana wa kompyuta mwaka 2024.

Je, mpango huu unafaa au haufai? Ukitaka kuona mema na mabaya pamoja, tazama Malindi, pwani ya Kenya. Waitaliano walianza kuonekana huko kwa wingi miaka ya 1960. Nchi yao ilijenga karibu na Malindi kituo cha kurushia setelaiti, na setelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka baharini pale mwaka 1967. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baadhi yao wakajenga na kubaki. Leo Malindi utamsikia muuza vinyago akizungumza Kiitaliano bila kukwama, naye hakukisoma shuleni. Wapishi wengi wamejua kupika tambi za Kiitaliano. Watoto wamesomeshwa kwa mishahara ya bustani na ya ulinzi wa nyumba hizo. Hayo ni mema, tusiyafiche.

Upande wa pili, watalii wakipungua, kazi nazo zinapungua, kwa kuwa mji umeegemea mfuko wa mgeni. Na nyuma ya nyumba nzuri za ufukweni wapo wenyeji wengi wa pwani ambao hawana hati ya mahali wanapoishi. Nisije nikawasingizia Waitaliano: shida hiyo ni ya zamani, ina mizizi katika sheria ya hati za ardhi ya wakoloni ya mwaka 1908. Lakini mtu asiye na hati, akija mnunuzi mwenye fedha, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa ahame. Wakenya waliweka kizuizi katika Katiba yao ya mwaka 2010. Mgeni hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja. Anaweza kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Kwetu, mpango wa namna hii upo Zanzibar. Kwa sheria ya uwekezaji ya Zanzibar ya mwaka 2023, mgeni akinunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika mradi ulioidhinishwa, kama ile ya Fumba, kusini ya Mji wa Zanzibar, anaweza kupata kibali cha ukaazi. Kwa hesabu yetu ile, hizo ni shilingi 250,000,000. Hata hivyo ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Mgeni anapata nyumba na miaka ya kukodi.

Wapo pia waliofungua mlango kisha wakaufunga. Ureno ilianza mwaka 2012: nunua nyumba ya euro 500,000, upate kibali. Mwaka 2023 ikaifuta njia hiyo ya kununua nyumba, maana wananchi wenyewe walilalamika kwamba nyumba mijini hazishikiki. Hispania nayo ilifuta viza yake ya namna hiyo Aprili 2025. Nchi hizo ni tajiri kuliko sisi, lakini bei ziliwashinda.

(Hapa mtu wa Dodoma atasema: hata kwetu viwanja vimepanda. Ni kweli. Vimepanda tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Ila waliovipandisha ni sisi raia kwa raia. Tusimtwishe Mzungu mzigo wetu.)

Sasa turudi Tanzania Bara, na kwenye swali la yule mama.

Vibali vyetu vya ukaazi ni vya madaraja matatu. Daraja A ni la mgeni mwenye biashara au uwekezaji wake. Daraja B ni la mgeni aliyeajiriwa. Kwa kawaida hiki hutolewa kwa miaka isiyozidi miwili, halafu huombwa upya. Daraja C ni la wengineo: wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea, na baadhi ya wastaafu. Wale mapadri na wauguzi wa kigeni mliowazoea katika hospitali za misheni wengi wao walikaa kwa Daraja C. Basi mgeni anaposema "nina kibali", swali la kwanza ni hili: kibali cha kufanya nini?

Swali la pili ndilo kubwa. Kibali cha daraja lolote kinasema mtu aishi. Hakisemi amiliki ardhi. Mambo ya ardhi yana sheria zake. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitia mamlaka ya uwekezaji. Nyumba ya kupumzikia mtu na mkewe si uwekezaji huo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo, hairuhusu kijiji kumpa asiye raia hakimiliki ya kimila.

Akija mwekezaji wa kweli, ardhi ya kijiji lazima kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Wanakijiji hupewa taarifa, na fidia hukubaliwa kabla ya kuhamisha. Kama eneo halizidi hekta 250, yaani karibu ekari 618, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anaamua Waziri, lakini sauti ya kijiji lazima isikilizwe. Na ikishahamishwa, hiyo si ardhi ya kijiji tena.

Kwa hiyo yule baba aliyesema karatasi ya Serikali haikataliwi, tumwambie: hakuna anayeikataa. Mzungu akapange nyumba mjini au kijijini, alipe kodi kila mwezi, anunue kuku wetu. Karibu sana. Karatasi yake inamtosha kwa hayo.

Kuna njia ya panya, nayo ni kuazima jina. Mgeni anatoa fedha, raia anaandikwa kuwa ndiye mnunuzi. Dalali anapata chake. Yakitokea magomvi, mgeni hana haki mbele ya sheria na fedha zimekwenda, na kijiji kinabaki na shamba lisilojulikana ni la nani.

Jambo la mwisho ni la huyo mama mwenyewe. Sheria hiyohiyo ya Vijiji inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele yake. Shemeji si mwenye shamba kwa sababu tu ni shemeji.

Juzi nilirudi kule. Mama alikuja darasani na karatasi ya dalali, imekunjwa ndani ya daftari. Aliisoma mwenyewe mbele yetu, taratibu, akifuata mstari kwa kidole. Mahali pa muuzaji palikuwa na alama ya kidole gumba cha shemeji yake, ambaye hajafika darasani hata siku moja. Mahali pa mnunuzi hapakuwa na jina la Mzungu. Palikuwa na jina la dalali.

Mkutano Mkuu wa Kijiji utakaa baada ya mavuno. Mama ameomba jambo lake liingie katika ajenda, na amesimama pale mpaka mtendaji akaliandika.

Maswali ya kujadili darasani:

Je, kijijini kwenu yupo mgeni anayeishi kwa kibali? Amekuja kufanya nini, na analala katika nyumba ya nani?

Mgeni akipanga nyumba kwa shilingi 150,000 kwa mwezi kwa miaka miwili, mwenye nyumba atapata kiasi gani? Linganisha na bei ya ekari tatu kwenu.

Nani katika kaya yako anaweza kusoma karatasi ya shamba lenu, na karatasi hiyo imewekwa wapi?