Nani Atambebea Mkunga Mzigo Wake?

Masomo: Kutoka 1:15–21, Wagalatia 6:1–5



Katika somo la kwanza twakutana na wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Wao wakamcha Mungu, wasitii. Kisha wakaitwa kujieleza mbele ya mfalme. Mara nyingi twausifu ujasiri wao, tukasahau kwamba walikwenda kazini na hofu mbili: ya Mungu na ya mfalme.

Kwetu huku, toka Kilwa hadi Lindi, wapo wauguzi na wakunga wanaoishi hivyo. Usiku huletwa binti anayetokwa damu, amekunywa dawa ya majani au vidonge vya siri. Akiulizwa, huogopa na kuficha. Asipoulizwa, mkunga hajui anatibu nini.

Sheria yasemaje? Kanuni ya Adhabu, ya tangu mwaka 1945, yatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, na hadi miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. Kifungu cha 230 chamkinga anayepasua kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kumtibu ambaye mimba imekwisha haribika si kosa. Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, inayofungua mlango zaidi, kama vile kwa aliyebakwa. Lakini Kanuni ya Adhabu haikubadilishwa kuifuata.

Jirani zetu wa Kenya wameyumbishwa zaidi. Katiba yao ya 2010 iliruhusu pale uhai au afya ya mama inapokuwa hatarini. Wizara ya Afya ikatoa mwongozo mwaka 2012, ikauondoa mwaka 2013. Na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha sheria. Fikirini muuguzi aliyefundishwa jambo mwaka huu, na mwaka ujao akatishwa kwa jambo lile lile.

Jioni moja alitujia mwanafunzi wetu wa zamani, sasa mkunga. Baada ya shikamoo alikaa kimya muda mrefu. Alikuwa amemsaidia daktari kutoa mimba ya mama aliyekuwa akifa, mama akapona. “Sheria hainidai, Mwalimu,” akasema, “lakini usiku silali.” Alikuwa ameacha kuikaribia Meza ya Bwana, na kanisani watu walikwisha kumpa jina.

Hatukuwa na jibu. Tulikumbuka barua tulizoandika kwa mkono wetu tulipokuwa shuleni, za kuwafukuza wasichana wajawazito. Ndiyo ilikuwa taratibu, hadi Novemba 2021 Serikali iliporuhusu warudi masomoni baada ya kujifungua. Tukijiuliza ni wangapi waliokimbilia dawa za gizani kwa kuiogopa barua ile, twaona mkono wetu nao umo. Tulimwambia hayo, tukalia wote wawili. Jumamosi tukamsindikiza kwa Padre.

Kanisa lafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, nasi hatulegezi fundisho hilo. Lakini Mtume Paulo, akiandika juu ya aliyeanguka, ataka arejezwe kwa upole. Na huyu hata hatujui kama alianguka. Ajuaye ni Mungu. Kazi yetu ni kuushika upande mmoja wa mzigo.

Basi tufanye haya:
1. Tunachosikia zahanatini kisifike kisimani.
2. Tuwaombee wakunga na wauguzi katika Misa, kama tuwaombeavyo viongozi.
3. Umoja wa Mama uwe mahali ambapo binti mwenye mimba aweza kusema mapema, bila kuogopa.

Maswali ya kujadili:
(a) Shifra na Pua walimwogopa nani zaidi? Sisi je?
(b) Ni nani parokiani ameacha kushiriki, wala hatujamwuliza kwa nini?
(c) Je, neno letu limewahi kumsukuma mtu gizani?

Sala: Ee Bwana, uwape usingizi wanaokesha kwa ajili ya wengine, utusamehe sisi tuliowahukumu upesi, utufundishe kubeba. Amina.