Afya na Twahara: Birika la Msikiti na Dawa ya Klorini

Katika udhu tunasukutua na kupandisha maji puani. Basi birika likiwa chafu, mtu huja kutafuta twahara akaondoka na maradhi.

Mjini Karachi, Pakistan, mwaka 2008 na 2009, wagonjwa 13 walifariki kwa kijidudu kiitwacho Naegleria fowleri, kinachopita puani hadi kwenye ubongo. Mmoja tu ndiye aliyekuwa ameogelea. Madaktari waliona kuwa yumkini wengine waliambukizwa kwa maji ya bomba waliyotilia udhu.

Kinga yake ni klorini. Lakini tope na utelezi huimaliza dawa, hivyo sugua birika kwanza, kisha ujaze maji masafi. Kwa kila lita 1000 tia mililita 20 za klorini ya maji ya asilimia 5, isiyo na sabuni wala manukato. Koroga, subiri dakika 30, kisha pima. Ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Jua huipunguza, kwa hiyo pima kila siku. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa hewa ya sumu.

Wapo wanaohofia harufu yake. Klorini si najisi, na mabadiliko madogo ya harufu hayaondoi utwahara wa maji.

Kamati za misikiti, mteueni mtu mmoja wa kazi hii. Kulinda nafsi za waja ni amana. Wallahu a'alam.