KULISHA WATU WAKATI WA NJAA: DAFTARI LA KITUO HUSEMA NUSU YA HABARI

Njaa inapoingia katika nchi, watu wengi hudhani kwamba kazi yote ni kupata chakula. Malori yakionekana barabarani, na magunia yakiisha kupangwa ghalani, husema, "Sasa tumepona." Lakini chakula kufika tarafani si sawasawa na chakula kufika kinywani mwa mtoto aliye karibu kufa. Kati ya ghala na kinywa hicho ipo kazi kubwa ya kupima, kuandika, kutafuta na kusimamia, na kazi hiyo ndiyo somo letu la juma hili. Lawahusu machifu na wazee wa vijiji, walimu, wahudumu wa afya, na kila mzazi akaaye katika nchi ya ukame.

AINA TATU ZA CHAKULA

Msimamizi hana budi kutenga aina tatu za chakula, na asizichanganye.

Ya kwanza ni posho ya watu wote. Kipimo kinachotumika duniani katika kupanga posho hii ni kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Ya pili ni chakula cha nyongeza, wanachopewa watoto walioanza kukonda, pamoja na wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha ambao wamedhoofika. Ya tatu ni chakula cha tiba, nacho ni dawa hasa, wanachopewa watoto waliokonda vibaya peke yao.

Aina hizi zategemeana. Nyumba isipokuwa na posho, pakiti ya tiba aliyopewa mtoto mmoja italiwa na ndugu zake wanne, wala hatuwezi kumlaumu mama kwa kuwagawia. Kutoa tiba mahali ambapo posho imekatika ni kuteka maji kwa pakacha.

JINSI YA KUMTAMBUA MGONJWA

Jicho hudanganya, hasa mahali ambapo watoto wote wamekonda. Kwa hiyo hutumika utepe wenye rangi tatu, unaozungushwa katikati ya mkono wa kushoto wa mtoto, baina ya bega na kiwiko. Hupimwa watoto wa miezi 6 hadi miezi 59. Mzunguko wa mkono ukiwa chini ya milimita 115, utepe huonyesha nyekundu, na mtoto huyo yu katika hatari ya kufa. Ukiwa milimita 115 au zaidi, lakini haujafika 125, ni manjano, naye anahitaji chakula cha nyongeza. Milimita 125 na kuendelea ni kijani.

Tena iko dalili ambayo utepe hauioni. Bonyeza nyayo zote mbili kwa juu kwa vidole gumba, uhesabu nukta tatu. Shimo likibaki katika miguu yote miwili, mtoto ana uvimbe wa unyafuzi, nao ni ugonjwa mkali hata kama mkono wake waonekana mnene. Wazazi wengi huona uvimbe ule wakadhani mtoto ananenepa.

Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Uchunguzi uliofanywa nchini Niger, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba akina mama waliofundishwa kutumia utepe hawakushindwa na wahudumu wa afya katika kuwatambua watoto waliokonda.

NJIA YA ZAMANI NA NJIA MPYA

Kwa miaka mingi watoto waliokonda vibaya walilazwa katika vituo maalumu pamoja na mama zao, kwa muda wa majuma kadha. Walinyweshwa maziwa ya tiba usiku na mchana. Maziwa hayo ni mazuri, lakini lazima yachanganywe na maji safi, na yakikaa huharibika upesi. Hayawezi kupelekwa nyumbani. Tena palipokusanyika watoto wadhaifu wengi, surua na kuhara vilienea kwa wepesi.

Mwaka 1996 katika nchi ya Ufaransa, daktari André Briend na Michel Lescanne walitengeneza chakula cha tiba cha namna nyingine. Huundwa kwa karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hakina maji ndani yake, kwa hiyo vijidudu havistawi humo. Hakipikwi, wala hakichanganywi na kitu. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Mtoto wa kilo 8 hupewa kadiri ya pakiti tatu kwa siku.

Kwa chakula hiki, njia mpya ya kutibu ilianza kutumika nchini Ethiopia mwaka 2000, daktari Steve Collins akiwa mmoja wa walioianzisha. Mtoto anayekula kwa hamu, asiye na homa kali wala ugonjwa mwingine mzito, hutibiwa nyumbani kwao. Mama hufika zahanati ya karibu mara moja kwa juma. Mtoto hupimwa, naye hupewa pakiti za siku saba. Ni wale wasioweza kula, au walio na maradhi mengine makali, wanaolazwa hospitalini. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Shirika la Chakula Duniani, pamoja na kamati ya lishe ya Umoja wa Mataifa, yaliikubali njia hiyo kwa tamko la pamoja. Leo hutumika katika nchi nyingi, na Kenya mojawapo.

HABARI YA WILAYA MBILI

Sasa tutazame jambo ambalo ndilo kiini cha somo. Mwaka 2002 Malawi ilipatwa na njaa kali. Katika wilaya ya Dowa ilianzishwa njia mpya ya kutibu nyumbani. Katika wilaya ya Mchinji iliendelea njia ya kulaza vituoni. Baadaye wachunguzi walipita vijijini katika wilaya zote mbili. Hawakwenda kuuliza vituoni ni watoto wangapi waliopona. Waliwatafuta watoto wagonjwa makwao, kisha wakauliza, "Huyu yumo katika matibabu, au hayumo?"

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Katika Dowa, watoto kadiri ya 74 kwa kila 100 waliostahili kutibiwa walikuwa wamefikiwa. Katika Mchinji walikuwa kadiri ya 25. Maana yake, kwa kila watoto wanne waliokuwa katika hatari, watatu walikuwa nje ya mlango, na hapana daftari la kituo lililokuwa na majina yao.

HESABU MBILI

Tufanye mfano wa hesabu ili jambo hili lieleweke. Tuseme katika kila tarafa mbili wapo watoto 200 waliokonda vibaya.

Kituo cha tarafa ya kwanza kilipokea watoto 50. Walipona 45, wakafa 2, na 3 waliacha matibabu njiani. Waliopona ni 90 kwa 100. Msimamizi wake atasifiwa.

Kituo cha tarafa ya pili kilipokea watoto 150. Walipona 120, wakafa 9, na 21 waliacha. Waliopona ni 80 kwa 100. Mtu akitazama daftari peke yake atasema kituo hiki ni hafifu kuliko kile.

Lakini kile cha kwanza kimeokoa 45 katika 200, yaani hawafiki hata robo. Cha pili kimeokoa 120. Watoto 150 wa tarafa ya kwanza ambao hawakufika hawahesabiwi kuwa wamekufa kituoni, wala hawahesabiwi kuwa wameacha matibabu. Hawahesabiwi kabisa. Mtoto ambaye jina lake halikuandikwa, hata akizikwa, daftari la kituo hubaki safi.

Ndiyo maana kitabu cha kanuni kiitwacho Sphere, ambacho mashirika ya misaada hukifuata na kilichotolewa upya mwaka 2018, chataka vipimo vyote viwili. Kati ya watoto waliomaliza zamu yao ya tiba, waliopona wazidi 75 kwa 100. Waliokufa wawe chini ya 10. Walioacha wawe chini ya 15. Lakini tena chauliza wangapi wamefikiwa: vijijini wazidi 50 kwa 100 ya wanaostahili, mijini 70, na katika kambi 90.

KWA NINI MAMA HAJI?

Msimamizi akiona wengi hawaji, asiwe mwepesi kusema kwamba watu ni wajinga. Afadhali aende akaulize. Mara nyingi atapata mojawapo ya sababu hizi.

Kwanza ni umbali. Mama mwenye watoto watano hawezi kuwaacha wanne bila mlezi ili amhudumie mmoja kwa mwezi mzima. Mbuzi nao wanahitaji maji, na shamba lahitaji jembe, la sivyo njaa ya mwaka huu itazaa njaa ya mwaka ujao.

Pili ni kutojua. Wengine hawakuambiwa kwamba kukonda ni ugonjwa wenye dawa. Wengine wamesikia, lakini hawajui siku wala mahali.

Tatu ni kukataliwa. Jambo hili limeharibu kazi nyingi. Huko kijijini mtoto alipimwa kwa utepe akaambiwa aende. Kituoni akapimwa uzito na urefu, akaambiwa hakukonda vya kutosha. Mama aliyetembea tangu alfajiri hurudi mikono mitupu, naye husimulia kisimani. Wenzake wakisikia, hawaji tena, hata wale ambao watoto wao wangepokelewa. Dawa yake ni nyepesi: utepe uliompeleka mtoto ndio uwe na haki ya kumpokea.

MAMBO YAMPASAYO MSIMAMIZI

1. Achague watu wa kijiji chenyewe wapime watoto nyumba kwa nyumba, na awafundishe akina mama kupima wenyewe.

2. Mtoto akikosa juma moja, jina lake lipelekwe kwa mzee wa kijiji siku ile ile, naye atafutwe. Huenda amehama na mifugo, huenda amezidiwa.

3. Ahesabu pakiti ghalani kila juma, na aagize kabla hazijakwisha. Mama akikuta ghala tupu mara mbili, mara ya tatu hatakuja.

4. Ahakikishe chanjo ya surua na vitamini A vinapatikana, maana surua humwua upesi mtoto aliyekonda.

5. Asiruhusu maziwa ya kopo ya watoto wachanga kugawiwa ovyo. Mahali pasipo maji safi huleta kuhara, na mtoto wa chini ya miezi 6 yampasa kunyonya maziwa ya mama peke yake.

6. Kila baada ya muda apite vijijini, awatafute waliokonda, na aulize swali lile la Malawi: "Yumo, au hayumo?"

WAKATI HAUNGOJI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nchini Somalia, Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu tarehe 20 Julai 2011. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2013, watu wapatao 258,000 walipoteza maisha tangu Oktoba 2010 hadi Aprili 2012, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi walikuwa wamekwisha kufa kabla ya siku ya tangazo. Wengine walitembea kwa miguu hadi Dadaab katika nchi yetu, wakiwazika watoto wao njiani.

Dalili zilikuwapo mapema: mvua zilikosa, bei ya nafaka ikapanda, bei ya mifugo ikashuka, na mikono ya watoto ikapungua. Anayepima mapema huona mapema.

Basi, msomaji, kituo kikifunguliwa katika tarafa yako, usiridhike kuona foleni ndefu mlangoni. Waliomo katika foleni wamekwisha kuipata njia. Fikiri ni nyumba gani ng'ambo ya mto ambayo hakuna mtu aliyetoka, uende huko na utepe mkononi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini haifai kumtambua mtoto mgonjwa kwa jicho peke yake?
2. Kituo chaweza kuponya 90 kwa 100, na bado kazi isiwe imefanikiwa. Eleza.
3. Katika kijiji chako, ni nani anayeweza kufundishwa kutumia utepe?