Kompyuta ya Michezo kwa Bei Nafuu: Soma Nambari Kabla ya Kulipa

Kompyuta ya kwanza ya kijana mara nyingi hununuliwa kwa pesa zilizokusanywa polepole: akiba ya boda boda, mgao wa chama, vibarua vya likizo au mchango wa wazazi. Pesa hizo zikinunua mashine isiyoweza kufungua mchezo uliokusudiwa, si rahisi kuzipata tena. Hasara hiyo huanzia kwenye neno moja zuri katika tangazo, kama vile "i7" au "geming", ambalo mnunuzi hulichukua kuwa uthibitisho.

Somo hili linamfundisha mkazi kusoma nambari zilizo nyuma ya maneno hayo. Linawahusu pia wazazi wanaoombwa pesa za kompyuta, na wenye nia ya kufungua ukumbi mdogo wa michezo. Ikumbukwe kwamba kompyuta inayomudu michezo ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuhariri video, kuchora ramani za majengo na kufanya kazi za mtandaoni. Ikinunuliwa kwa makini, inaweza kurudisha gharama yake.

Hatua ya kwanza: Orodhesha michezo, kisha bajeti

Kabla ya kwenda dukani, andika michezo mitatu au minne unayotaka kucheza. Kila mchezo huwa na orodha ya mahitaji ya chini na mahitaji yanayopendekezwa, na orodha hiyo hutolewa na watengenezaji wenyewe. Lenga mahitaji yanayopendekezwa. Mahitaji ya chini humaanisha kwamba mchezo utafunguka, lakini huenda ukawa unakwamakwama.

Michezo kama Valorant, Counter-Strike 2, Fortnite na eFootball haihitaji kununuliwa. GTA V, iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2015, bado huchezeka kwenye mashine za kawaida. Michezo mipya yenye mandhari makubwa ni mizigo mizito zaidi. Anayetaka mpira na Valorant hana sababu ya kulipia mashine ya kubeba mizigo hiyo.

Ukubwa wa picha nao una gharama. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ya 1280 kwa 720 ina nukta 921,600. Picha ya kwanza huipa kadi ya grafiki nukta zaidi ya mara mbili za kuchora kwa kila fremu. Kwa hivyo mchezo unaokwama unaweza kutulia kwa kupunguza kipimo hicho tu, bila kununua chochote.

Hatua ya pili: Jifunze kusoma jina la prosesa

"Core i7" peke yake haikuambii mengi. Jambo muhimu liko baada ya kistari. Katika i7-2600, tarakimu ya 2 inaonyesha kizazi cha pili. Prosesa hiyo ilitoka mwaka 2011. Katika i5-8500, tarakimu ya 8 ni kizazi cha nane, na prosesa yenyewe ilitoka mwaka 2018. Katika i3-10100, tarakimu 10 ni kizazi cha kumi, na prosesa yenyewe ilitoka mwaka 2020.

Linganisha sasa. Ile i7-2600 ina viini vinne. Ile i3-10100 nayo ina viini vinne, ila ni vya kisasa na hufanya kazi kwa kasi zaidi. i5-8500 ina viini sita. Anayelipa zaidi kwa i7 ya mwaka 2011 kuliko kwa i5 ya mwaka 2018 analipia herufi, halipii nguvu.

Kizazi cha nane kina faida nyingine. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho. Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwenye Windows 11 mchezo wa Valorant hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine ya zamani zaidi inaweza kuwa rahisi leo na kufungiwa mlango kesho.

Hatua ya tatu: Njia ya mtumba wa ofisi

Njia ya kwanza ya kupunguza gharama ni kununua kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, hasa zile zinazoletwa kutoka Uingereza, kisha kuiongezea kadi ya grafiki. Miongoni mwa zenye kizazi cha nane ni Dell OptiPlex 7060, HP EliteDesk 800 G4 na Lenovo ThinkCentre M920. Zinapatikana Luthuli Avenue jijini Nairobi na katika maduka ya kompyuta ya miji mingine.

Modeli moja huja kwa maumbo tofauti, na hapo ndipo wengi hupotea njia. Ile ndogo kabisa, inayotosha kiganjani, haina nafasi ya kadi ya kawaida ya grafiki. Ile nyembamba ya kulala mezani hupokea kadi fupi tu. Ile ya mnara hupokea kadi ya urefu wa kawaida. Mnunuzi wa michezo na apite moja kwa moja kwenye mnara akiupata, au achukue ile nyembamba akijua kwamba atatafuta kadi fupi.

Jambo la pili ni umeme. Ndani ya kila kompyuta kuna kisanduku kinachogawa umeme, ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Katika mashine za ofisi, nyingi huwa na wati kati ya 180 na 260, na mara nyingi umbo na plagi zake ni za kampuni yenyewe, kwa hivyo si rahisi kukibadilisha. Usiunganishe kadi kubwa kwa nyaya za kubahatisha. Mashine inaweza kujizima katikati ya mchezo, kuharibika, au waya ukapata moto.

Hatua ya nne: Kadi inayofaa mashine hiyo

Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75. Kadi isiyovuka kiwango hicho haihitaji waya wa ziada. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 zina matoleo ya aina hii, na kila moja ina kumbukumbu ya GB 4. GTX 1650 ina nguvu zaidi kati ya hizo mbili. Kwa kuwa yapo pia matoleo yanayodai waya wa ziada, itazame kadi yenyewe: ukiona tundu la plagi ubavuni, hiyo haifai mashine ya ofisi isiyo na waya huo.

RX 6400 hutumia takriban wati 53 na ina matoleo mafupi. Hata hivyo hupungua kasi kwenye mashine za zamani kwa sababu hutumia njia nne tu za mawasiliano na ubao mama. Pia haina sehemu ya kurekodi video, kwa hivyo haimfai sana anayerusha michezo mtandaoni.

Hatua ya tano: RAM na SSD

Kwa michezo ya leo, GB 16 za RAM ndizo lengo zuri. Vipande viwili vya GB 8 hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa huvisoma vyote viwili kwa wakati mmoja. Hakikisha aina inalingana: kipande cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR3.

SSD haiongezi uzuri wa picha, lakini huwasha mashine na kufungua mchezo haraka kuliko diski ya kuzunguka. Michezo mikubwa huweza kuzidi GB 100 kila mmoja, kwa hivyo SSD ya GB 256 hujaa upesi. Wenye data kidogo wanaweza kunakili mchezo kutoka kwa rafiki kupitia diski ya nje, kila mmoja akiingia kwa akaunti yake halali. Michezo ya wizi huja na virusi vinavyoiba nywila, zikiwemo za pesa.

Hatua ya sita: Njia ya kujenga upya

Njia ya pili ni kununua sehemu mpya na kuziunganisha. Hapa chaguo la kubana matumizi ni prosesa yenye grafiki ndani yake, kama AMD Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Ina viini sita na huchezesha Valorant na michezo mepesi bila kadi. Pesa zikipatikana baadaye, kadi huongezwa.

Prosesa ya aina hii huazima RAM kwa kazi ya grafiki, kwa hivyo vipande viwili vya RAM ni lazima kwake, si anasa. Ubao mama uwe wa soketi ya AM4, na duka lithibitishe kwamba BIOS yake inaitambua 5600G. Pawasaplai iwe ya kampuni inayojulikana na yenye nafasi ya kukua, mathalani wati 450 au 500. Usibane pesa hapo. Kifaa hiki kikilipuka huenda na vingine.

Kati ya njia hizi mbili, mtumba humfaa anayetaka kucheza sasa kwa pesa kidogo. Kujenga kunamfaa anayeweza kusubiri na atakayeongeza sehemu mwaka hadi mwaka. Kwa njia ya mtumba, kila Sh100 za bajeti zinaweza kugawanywa hivi: Sh45 za mashine, Sh30 za kadi, Sh10 za RAM na SSD, Sh10 za skrini na kibodi, na Sh5 za kinga ya umeme. Mwenye runinga yenye HDMI anaweza kuitumia kama skrini na kuielekeza pesa hiyo kwenye kadi.

Hatua ya saba: Kagua kabla ya kulipa

Muuzaji mwaminifu hatakataa ukaguzi wa nusu saa. Fanya yafuatayo ukiwa dukani:

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Soma jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM.
2. Fungua BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache mashine hiyo.
3. Endesha GPU-Z, programu ya bure. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ili zionekane kama GTX 1050 Ti. GPU-Z hutambua nyingi za aina hiyo na kuzitia alama ya kuwa bandia.
4. Endesha CrystalDiskInfo, nayo ya bure, uone afya ya diski na saa ilizotumika.
5. Cheza mchezo kwa dakika 20 hadi 30. Sikiliza feni, angalia kama picha inapasuka au mashine inajizima.

Usitume pesa kwa muuzaji wa mtandaoni kabla ya kuiona mashine. Lipa kwa nambari ya duka badala ya simu ya mtu binafsi, na udai risiti inayotaja modeli, prosesa, RAM, kadi na muda wa waranti. Risiti iliyoandikwa "kompyuta moja" haitakusaidia kuthibitisha chochote.

Haki za mnunuzi

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo. Hivyo, "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" si ngao kwa aliyeuza kadi bandia.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, leseni za biashara na haki katika biashara ni majukumu ya kaunti. Angalia kama duka limetundika kibali chake, na peleka lalamiko lako pamoja na risiti katika afisi ya biashara. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo hupokea malalamiko ya watumiaji. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000; mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Kuitunza

Kompyuta inayotumia wati 250 humaliza uniti moja ya umeme kwa saa nne. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye tokeni zako, ujue gharama ya mwezi kabla ya kuahidi kwamba "haili stima". Tumia soketi inayozuia umeme kupanda ghafla, na stima ikipotea chomoa waya hadi itulie. Safisha vumbi kila baada ya miezi michache. Kabla ya kufungua kasha, zima, chomoa, kisha gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Sehemu zilizokufa zisichomwe wala kutupwa jalalani, kwa kuwa zina madini yenye sumu. Zipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali.

Maswali ya kujipima

1. Muuzaji anakupa i7-2600 na mwenzake i5-8500 kwa bei sawa. Utachukua ipi, na kwa sababu gani mbili?
2. Kadi uliyoipenda ina tundu la plagi ubavuni na mashine yako ni ya ofisi ya wati 200. Utafanya nini?
3. Mchezo wa mtandaoni unachelewa ingawa picha ni laini. Je, kadi mpya itasaidia? (La. Huo ni ucheleweshaji wa intaneti. Anza kwa kuunganisha kwa waya badala ya Wi-Fi.)

Anayeweza kujibu maswali haya bila kusaidiwa yuko tayari kwenda dukani. Ambaye bado anasitasita, na aende na jirani au fundi anayeyajua.